Nachukua na Kilichomo

Kwenye picha ya mwisho ya lile tangazo, mkanda wa siti ya nyuma ulikuwa umefungwa. Siti yenyewe ilikuwa tupu. Mkanda ulikuwa umevutwa, umekazwa na kuingizwa kwenye kishikizo chake, na katikati ulikuwa umetuna kidogo, kama unavyotuna ukifungwa juu ya mtu aliyeshiba.

Danford aliikuza picha kwa vidole viwili, akafurahi.

"Huyu muuzaji ni mtu makini," alisema peke yake kibandani kwake Musoma, katikati ya majokofu ya watu aliyokuwa hajayatengeneza. "Gari imesimama na bado anafungaga mkanda."

Ndivyo tulivyo sisi wanaume wa makamo tukishatamani gari. Tukiona moshi, tunasema injini imechangamka.

Kwa miezi mingi simu yake ilikuwa haitoki kwenye magari. Alitazama video za watu wanaoyasifia, kisha video za watu wanaoyaponda magari yaleyale, akashuka kwenye maoni ya watazamaji mpaka akafika kwenye matusi, na matusi nayo akayasoma kwa makini. Alijua lita moja ya petroli inafika wapi gari likiwa na watu watano na mbuzi. Alijua kupeleleza namba ya chesisi. Mteja akija kuulizia friji lake anaambiwa habari za giaboksi. Fundi majokofu mwenye bando la intaneti ni injinia wa kila kitu isipokuwa majokofu.

Gari lilikuwa la Prudence. Tuseme hivyo, ingawa Prudence hakuliomba.

Prudence alikuwa mjamzito, na alikaa Butiama kwa Mama Selestina. Hakuwa mke wa Danford. Mama Selestina alikuwa mjane mwenye ng'ombe wengi na mabinti walioolewa wote, asiye na mtoto hata mmoja wa kiume. Mila ya kwao inamruhusu mama wa namna hiyo kuoa ili nyumba yake isizimike. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Basi alitoa ng'ombe zizini kwake, akamwoa Prudence, binti wa kijiji cha Kiriba. Prudence akamchagua Danford awe mwanamume wa kuzaa naye. Watoto wangekuwa wa Mama Selestina, kwa jina lake na kwa zizi lake. Danford angeletewa chai.

Siku anakubali mpango huo alicheka sana, akasema kazi gani hii nzuri namna hii. Mimba ilipoanza kuonekana, kicheko kikamwisha. Akaanza kutaka kuitwa Baba Fulani. Akawaza kwamba mtoto ambaye baba yake anaingia na gari uani, hakuna atakayethubutu kumwambia yule ni mgeni.

"Prudence," alisema Jumapili moja, "nikileta gari utakwendaga kliniki Musoma umekaa kama waziri."

"Gari ya nani?" Mama Selestina aliuliza kutoka jikoni. Masikio yake hayakuwa na ukuta.

"Ya nyumba, mama."

"Nyumba ni yangu. Mimi nimeomba gari?"

"Ya kumbebea mtoto, mama."

"Mtoto atabebwa mgongoni. Kunywa chai, kijana, inapoa."

Kijana mwenyewe alikuwa na kitambi na mvi.

Usiku huohuo, kwa hasira ya chai ile, alimwandikia muuzaji. Jina la muuzaji kwenye tovuti lilikuwa Mwenye Nalo, na gari lilikuwa Bunda, dogo, la rangi ya fedha.

"Habari ndugu, gari bado lipo?"

"Lipo." Jibu lilifika kabla hajaondoa kidole kwenye kioo.

"Bei ya mwisho?"

"Hiyohiyo."

"Punguza kidogo bosi wangu, nina mama mjamzito hapa."

Safari hii jibu lilichelewa. Vile vidoti vya mtu anayeandika vilicheza, vikasimama, vikacheza tena.

"Unachukua na kilichomo?"

Danford aliruka kwa furaha. Mtu wa nyumbani huyu! Kwa wafugaji wa kwao, ng'ombe mwenye mimba haulizwi kwa namna nyingine. Na babu yake, enzi za kubadilishana ng'ombe kwa ng'ombe, alikuwa na jibu lake lililomaliza biashara palepale, na Danford alilisikia mnadani tangu yuko mgongoni. Akaliandika lote, pamoja na vikatuni vitatu vinavyocheka mpaka machozi:

"Nachukua na kilichomo kwako. Na wewe uchukue kilichomo kwangu."

"Imekwisha," likaja jibu.

Alipotuma malipo, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji kama kawaida. Lilikuwa jina lake mwenyewe, yote matatu. Akalisoma tena, akasema mtandao umechoka, akabonyeza kukubali. Salio likaondoka.

*

Gari lilikuwa limeegeshwa Bunda, nyuma ya ghala la pamba lililofungwa siku nyingi. Hakukuwa na mtu. Ujumbe ulisema ufunguo uko juu ya tairi, na ufunguo ulikuwa juu ya tairi. Danford alikagua kama walivyomfundisha kwenye video. Aligonga bodi, akanusa oili, akalala chini akatazama vitu asivyovijua na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi ng'ambo ya barabara alikuwa anamwangalia.

"We baba, hiyo gari imekujaje hapo?"

"Si mwenyewe kaileta, mama."

"Mwenyewe yupi? Mimi nakaaga hapa kila siku. Nimewasha jiko haipo. Nimeinama kupuliza moto, nimeinuka, ipo. Na injini sijasikia."

"Siku hizi mambo ni mtandao, mama."

"Kwa hiyo mtandao unaendeshaga gari?"

Alimcheka kwa heshima, akaingia, akawasha. Gari likamsalimia kwa Kijapani. Wenye magari ya kuagiza wanamjua mama huyo: sauti nyembamba, yenye adabu, inayosema jambo refu ambalo kuanzia Tarime mpaka Tunduma hakuna anayelielewa. Danford akamwambia shikamoo.

Hajamaliza nyumba za mwisho za Bunda, kengele ya mkanda ikaanza. Ti. Ti. Ti. Wa kwake alikuwa amefunga. Kitaa chekundu kilionyesha siti ya nyuma. Akatazama kwenye kioo: siti tupu, na mkanda umeachiwa, unaning'inia na kutikisika na mwendo.

"Wewe wa nyuma," alisema kwa mzaha, maana ndiyo dawa aliyozaliwa nayo, "funga mkanda basi. Trafiki wako mbele."

Klik.

Kengele ikanyamaza.

Danford hakutazama kioo tena. Aliimba. Aliimba nyimbo zote za kwaya alizozijua, zilipomwishia akarudia sauti ya besi peke yake, na alipokata kona ya Makutano kuelekea Butiama alikuwa anaimba bila maneno, kwa sababu harufu ilikuwa imeanza kupanda kutoka nyuma, wala si ya petroli wala ya siti za kitambaa, bali ile inayokutana na mtu mlangoni mwa zizi ng'ombe anapozaa, ya damu ya uvuguvugu na dang'a na majani yaliyokanyagwa, na ilikuja kwa vipande, inakuja inakatika, inakuja inakatika, kama pumzi inayotoka kinywani mwa mtu na kumgonga shingoni.

Simu ikalia. Mwenye Nalo.

"Mmefika?"

*

Jioni hiyo ng'ombe wa Mama Selestina walikataa kuingia uani. Mchungaji aliwapiga, wakasimama barabarani wameelekeza vichwa kwenye gari. Dume kubwa lilikuwa linatetemeka ngozi yote, kama anayefukuza inzi.

Mama Selestina alitoka akasimama, mikono kiunoni.

"Gari hii umenunua kwa nani?"

"Mtandaoni, mama."

"Sikuulizi wapi. Nauliza kwa nani."

"Sikumwona."

"Hukumwona." Alilisema taratibu, kama anayeonja mboga iliyochacha. "Mimi hata kuku sinunuagi kwa mtu ambaye sijaona miguu yake."

"Mama, hayo mambo ya zamani."

"Haya. Usiiweke karibu na zizi. Na wewe Prudence, usiiingie."

Lakini siku ya kliniki ilifika na mvua ikafika nayo, barabara ikawa utelezi mtupu, na bodaboda hakuna. Mama Selestina alikuwa amekwenda msibani. Prudence aliangalia mvua, akaangalia tumbo lake, akaangalia gari.

"Danford, nitakaa mbele."

Mlango wa mbele ulikataa kufunguka. Danford aliuvuta mpaka akateleza. Wa nyuma ulifunguka kabla hajaushika.

Walipofika karibu na mjini, Prudence alisema kwa sauti ndogo sana, "Danford, hii gari ina mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Hapa pembeni yangu kuna kitu kinanyonya."

Danford alizima redio iliyokuwa imezimwa. Wakasikiliza wote wawili. Tairi kwenye maji, vifutio vya kioo, na katikati yake sauti ndogo yenye unyevu, ya shibe na ya haraka, mdomo unavuta, unameza, unavuta.

"Ni hewa kwenye feni," alisema fundi majokofu. "Feni za Kijapani zikiingia maji zinafanyaga hivyo."

"Na wangu ameacha kucheza," Prudence alisema. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Tangu tuondoke. Kila siku asubuhi ananipigaga mateke. Ameacha."

Kliniki, muuguzi aliweka kibomba chake cha kusikilizia tumboni, akakunja uso, akakihamisha, akakihamisha tena. Akauliza kama kuna mapacha kwenye ukoo. Akasema nasikia mapigo mawili, moja la mtoto, na moja lipo nje ya mtoto, limemzunguka. Kisha akacheka, akasema labda ni uchovu. Prudence hakucheka. Danford naye, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea, hakuwa na mzaha mkononi.

Walirudi Butiama kwa basi, gari wakaliacha Musoma limefungwa.

Walilikuta uani. Limekauka, na ile mvua yote.

Danford alifungua tangazo. Lilikuwa bado hewani, ila picha zilikuwa mpya. Ya kwanza ilikuwa ua wa Mama Selestina. Ya pili mlango wa nyuma wa gari ulio wazi. Ya mwisho ilikuwa siti ya nyuma, na Prudence amekaa juu yake na khanga ileile aliyoivaa asubuhi, macho amefumba, mkanda umepitishwa juu ya tumbo na kukazwa mpaka tumbo limebonyea. Chini, pale panapoandikwa maelezo, paliandikwa: Kiko tayari kuchukuliwa.

"Nataka kurudisha gari," aliandika. "Hela baki nazo."

"Mwenye mimba harudishwi," likaja jibu. "Nimeshakupa kilichomo kwangu. Nakisubiri kilichomo kwako."

Alifuta tovuti. Alifuta programu nzima. Akaitoa laini ya simu, akaizima simu yenyewe, akaifungia kwenye debe la unga. Kutoka ndani ya debe ikalia.

*

Mama Selestina hakupiga kelele. Danford alimweleza yote amepiga magoti, na alipofika kwenye yale maneno ya babu yake, mama yule alifunga macho kidogo, akamwita jirani, akaagiza mganga mmoja aitwaye Kwangu aletwe kutoka Bunda.

Kwangu alifika kesho yake asubuhi kwa pikipiki ya kukodi, mama mnene mwenye umri, helmeti kichwani, mkoba wa ngozi begani. Helmeti hakuivua. Watu walidhani ataanza kulizunguka gari. Alikaa kwenye kigoda, akavaa miwani, akanyoosha mkono.

"Simu."

"Ipo kwenye unga, mama."

"Ipanguse uilete. Nataka kuona mlichoandikiana."

Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye vile vikatuni vinavyocheka aliinua macho akamtazama Danford.

"Na hivi ni vya nini?"

"Ni... mzaha, mama."

"Babu yako akisema maneno haya alikuwaga ameshika kamba, na ng'ombe yupo kwenye kamba. Anajua anatoa nini. Wewe ulikuwa umeshika nini?"

"Simu."

"Sasa huyu," alisema Kwangu akionyesha gari kwa kidevu, "hana haraka, na haibi. Wa namna hii hawaibagi. Wanangoja mtu aseme. Umesema." Akarudisha miwani kwenye mkoba. "Jua likifika utosini nitazungumza naye. Mama mjamzito asikaribie. Nimesema asikaribie."

Jua lilipofika utosini, Kwangu alikuwa anakoroga unga wa ulezi kwenye maji, na Mama Selestina amesimama kwenye mlango wa zizi. Danford aligeuka kutafuta kivuli. Prudence hakuwa kwenye mkeka. Alikuwa anatembea uani, taratibu, mikono imening'inia, macho yamefumba, na mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi unamngoja.

"Prudence!"

Alikaa. Mlango ukajifunga. Klik ya mkanda ikasikika mpaka zizini.

Danford aliufikia mlango akauvuta, akapiga kioo kwa ngumi, akaokota jiwe akapiga nalo, na jiwe likadunda kama limepiga tairi. Ndani Prudence alikuwa amefumbua macho sasa na anapiga kelele isiyotoka nje, mdomo wazi, shingo imekaza, na mkanda ulikuwa unajivuta pole pole juu ya tumbo lake, unabana, unaacha kidogo, unabana tena kama uchungu wa kuzaa, na kioo kikaanza kulowa kutoka ndani, jasho zito jeupe kama maziwa linashuka, na ile harufu ya zizi ikajaa uani wote mpaka kuku wakakimbilia chini ya ghala la nafaka.

Gari likajiwasha. Yule mama wa Kijapani akasalimia, kwa adabu yake yote, maneno yake marefu. Akayamaliza. Kisha, kwa sauti ileile nyembamba:

"Danford. Nimekuja kuchukua."

Kwangu alichovya usinga kwenye maji ya ulezi, akalipiga gari mbele. "Unataka nini hapa?"

"Nilichopewa. Kilichomo kwake."

"Kwake wapi?" Ilikuwa sauti ya Mama Selestina. Alikuwa anakuja, hakukimbia, na fimbo yake ya kuchungia mkononi. "Hapa si kwake. Umeuliza majirani? Ng'ombe walitoka kwenye zizi hili, mchana kama huu, mbele ya watu, wakaenda Kiriba. Huyu binti nimemwoa mimi. Tumbo hilo ni langu tangu halijawa tumbo. Huyu bwana ni mgeni. Anakujaga, anakunywa chai, anaondoka. Mgeni anauzaje nyumba?"

Injini ilinguruma chini chini. Mkanda ulisimama.

"Anajiita baba," gari lilisema.

"Kujiita si kuwa."

"Basi aseme. Alisema kwa kinywa chake. Akanushe kwa kinywa chake."

Wote wakamgeukia Danford.

Mtu huyu alikuwa amefanya mzaha kwenye harusi na kwenye misiba, alikuwa amewachekesha polisi na wakwe na watu waliokuja kumdai majokofu yao, na sasa alisimama juani jiwe mkononi, na kinywani mwake kulikuwa na neno moja tu alilolitaka maisha yake yote na miezi hii zaidi, neno ambalo usiku alilala akijiitia mwenyewe kimoyomoyo na kulijibu, na alielewa, polepole, kama mtu anayesikia maji yakipanda kwenye miguu, kwamba kumtoa Prudence mle ndani ni kulitema. Prudence alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo. Naye alikuwa amesikia.

"Sema, kijana," Mama Selestina alisema, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na dharau ndani yake.

"Mtoto si wangu," Danford alisema.

"Sikusikia," likasema gari.

"Mtoto si wangu!" Sauti ilimpasuka. "Ni wa Mama Selestina. Mimi sina kitu kwenye nyumba hii. Sikuwa nacho. Nilikupa kisicho changu, na sitakuwa baba yake, leo wala kesho!"

Kisha mkanda ukafunguka, mlango ukaachia, na Prudence akaanguka nje kwa mikono na magoti, Mama Selestina akamdaka na kumvuta huku anamfunika na khanga yake. "Ananipiga," Prudence alikuwa anasema, analia na kucheka, "anapiga, mama, anapiga teke, shika hapa."

Danford alinyoosha mkono ashike. Kwangu akaupiga kwa usinga.

"Wewe acha."

Gari lilirudi nyuma lenyewe, usukani unazunguka bila mtu. Langoni lilisimama, likawasha taa ya kuonyesha linakata kulia, likangoja bodaboda ipite, likakata kulia. Lilikuwa na nidhamu barabarani kuliko madereva wengi wa mkoa huu.

"Sasa mimi nani atanirudisha Bunda?" Kwangu aliuliza, akakaza helmeti. Kisha akamvuta Danford pembeni, nyuma ya ghala, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi.

"Hajafa yule. Ameshindwa kesi tu. Neno lako ndilo linalomzuia, na neno lina pande mbili. Siku ukiitwa baba kutoka nyumba hii, na wewe ukaitika, hata kwa kuguna, hata kwa kugeuza shingo, utakuwa umekubali kwamba ni wako. Na kama ni wako, ulishakitoa."

"Akiniita mtoto mwenyewe?"

"Hasa mtoto mwenyewe."

*

Mtoto alizaliwa Musoma, wa kiume, mzima, mwenye sauti. Mama Selestina akampa jina la marehemu baba yake mzazi: Mniko. Danford alisikia habari kwa jirani, kama mgeni anavyosikia. Alirudia majokofu yake, na wateja wakashangaa kuyapata kwa wakati.

Mniko alipokuwa bado hata kukaa hajaanza, Danford alikwenda kumwona. Alibeba sukari na nepi. Mama Selestina alimpokea langoni, akamwekea kiti cha wageni barazani, akamletea kikombe cha maziwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kumletea. Walitazama ng'ombe wakinywa.

"Umekonda," alisema mama yule mwishowe.

"Bando limeisha, mama."

Alimcheka. Akamruhusu amtazame mtoto akiwa amelala mgongoni kwa Prudence. Alikuwa na masikio ya Danford, makubwa, ya kuchekwa shuleni. Danford aliweka mikono yake nyuma na kuishikanisha.

Jua likiwa bado juu aliaga. Prudence akamsindikiza kidogo, mtoto mgongoni, mpaka kwenye njia ya kwenda stendi. Walisimama. Danford akampa mkono kama shemeji, akageuka, akashika njia.

Alikuwa amepiga hatua chache tu aliposikia nyuma yake sauti ndogo, safi, ya mtoto asiye na jino hata moja.

"Baba."

Miguu ilitaka kusimama. Aliisukuma.

"Danford," Prudence alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba kitu asichothubutu kukigeukia. "Danford, tembea. Amelala. Nakuapia amelala. Tembea."

Alitembea. Aliuma ulimi mpaka mdomo ukajaa damu, maana koo lake lilikuwa limeshaanza kuitika lenyewe, na nyuma yake, karibu zaidi kuliko mwanzo ingawa Prudence hakuwa amesogea, sauti ikaita tena, kwa upole, kama mtoto anayeomba kubebwa.